Austria haifi mwaka 1901

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya michezo amedai kwamba katika mchezo wa vita wa mezani uitwao Diplomacy, unaochezwa juu ya ramani ya Ulaya kuanzia mwaka 1901, kila mchezaji na dola lake, Urusi na Uturuki zikishapatana, mwenye Austria afadhali ajisalimishe mapema. Nakataa, na nakataa kwa sababu nimekaa kwenye kiti hicho.

Hapa Jinja tuko saba, na kila Jumamosi tunatandaza ramani barazani kwangu. Manowari zilizopotea tunazijazia kwa vizibo vya soda. Amri tunaandika kwenye vikaratasi, tunavikunja, tunavitumbukiza katika kopo la majani ya chai, kisha vyote vinasomwa kwa pamoja. Mwezi uliopita nilipewa Austria. Kopo lilipofunguliwa, manowari ya Urusi iliyokuwa Sevastopol ilikuwa imeingia Romania, ya Uturuki iliyokuwa Ankara imekwenda Constantinople, na Bahari Nyeusi hakuna aliyeigusa. Hiyo ndiyo dalili kwamba wamepatana. (Ingawa wajanja huamuru manowari zote mbili ziingie pale, zigongane na kuzuiana makusudi, ili uwadhanie maadui.)

Lakini kazi yangu nilikuwa nimeimaliza kabla ya kushika kalamu. Wakati wa mazungumzo nilimfuata mwenye Italia uani, karibu na pipa la maji, nikamwambia: "Dada, Trieste naiacha wazi. Jeshi lako liko Venice, jirani kabisa. Ukitaka kuingia, utaingia. Ila nikishamalizwa mimi, wale wawili watakuja kwako." Alinitazama kitambo, akanipa mkono.

Austria ina vikosi 3, maadui hao wana 7. Ukijaribu kulinda kila mpaka, hulindi hata mmoja. Kwa hiyo jeshi la Vienna nililiagiza Galicia likagongane na lile la Urusi kutoka Warsaw, la Budapest likaenda Serbia, na manowari ya Trieste ikaenda Albania. Msimu wa vuli, jeshi la Serbia likaiunga mkono manowari ya Albania kuingia Ugiriki. Nikafunga mwaka na vituo 5, yaani sehemu za ramani ambazo kila moja hulisha kikosi kimoja, nikaunda majeshi mapya Budapest na Trieste. Dada hakuigusa Trieste. Yeye aliingiza manowari yake Bahari ya Ionia, akavusha jeshi hadi Tunis, na vuli ya 1902 jeshi hilo hilo likashuka Syria, mgongoni kwa Uturuki. Mturuki akaanza kurudisha majeshi nyumbani, na Mrusi akabaki peke yake.

Haya nayaandika kwa uchungu, kwa sababu mwanafunzi wangu mmoja, kijana makini sana, aliisoma safu yenu, na Jumamosi iliyopita alipopewa Austria akarudisha vipande vyake kwenye boksi hata kabla hajazungumza na mtu. Nawaomba mchapishe ramani ya mchezo huo jinsi inavyokuwa mwanzoni mwa 1901, ili aone Venice na Trieste zilivyopakana, na ajue ni nani wa kuanza kuongea naye.

Mwalimu wa Jiografia,
Jinja