Supamaketi kubwa pembeni ya mji, tusishangilie haraka

Mhariri, salamu. Mi naona hii ishu ya supamaketi kubwa kujengwa nje kidogo ya mji watu wanaisema nusunusu tu, eti bei zitashuka na ajira zitakuja, sawa, bei zinashuka kweli maana jamaa wananunua mzigo mkubwa moja kwa moja kiwandani, duka dogo halina ubavu huo. Lakini pakingi yao peke yake inaweza kumeza ardhi kuliko hata jengo lenyewe, na kama huna gari kufika ni shughuli, sasa mzee anayetembea kwa mguu afanyaje? Walmart, ile kampuni ya supamaketi kubwa, ilianza 1962 na duka moja tu huko Arkansas, leo nenda miji mingi midogo ya Marekani, katikati ya mji pamebaki fremu tupu. Wafaransa walishtuka mapema, 1973 wakatunga sheria kwamba duka kubwa lisijengwe bila kibali maalum (japo na wao yamewajaa, supamaketi za Carrefour si za kwao hizohizo).

Na likifungwa je? Lile jengo kubwa lisilo na madirisha nani atalipanga? Duka dogo likifungwa kesho yake anaingia fundi cherehani, maisha yanaendelea. Madiwani waulize hilo kabla ya kutoa kiwanja, mwenye supamaketi akiondoka abomoe kwa hela yake mwenyewe.