Barua kwa mdogo wangu kuhusu meza ya kuinulia pikipiki

Leeds, Uingereza

Mdogo wangu mpendwa,

Mbukwenyi nyote hapo Nkuhungu. Baba na mama wafikishie shikamoo yangu, uwaambie kwamba mimi ni mzima na kazi zinaendelea. Barua hii nakuandikia wewe hasa, kwa sababu mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi, ukichuchumaa kufungua injini, huwezi kuinuka mpaka kwanza ushike kiuno. Ungali kijana, na hutadumu katika ufundi kwa mgongo wa namna hiyo. Nataka gereji yako iwe na meza ya kuinulia pikipiki kabla mwaka huu haujaisha.

Hapa watu wengi wanaotengeneza pikipiki nyumbani hujiundia meza hiyo wenyewe, nami nimeshirikiana na jirani yangu kuunda moja katika banda lake. Ni jukwaa la chuma lenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 60, linalobebwa na mikono minne iliyo sambamba, miwili kila upande, ambayo imeungwa kwa pini na fremu ya chini. Mikono inaposimama, meza hupanda ikiwa imelala sawasawa, ila husogea kuelekea upande mmoja, kwa hiyo usiibananishe na ukuta. Mikono ya sentimita 80 itakufikishia kazi kiunoni. Bomba za mraba za milimita 40 kwa 40, zenye unene wa milimita 3, zinafaa kwa fremu, na fremu ya chini iwe pana kuliko meza, walau sentimita 80, ili pikipiki isipinduke unapovuta spana kwa nguvu.

Jeki ndiyo inayowadanganya wengi. Pikipiki ya bodaboda, iwe Boxer au TVS, ina uzito wa kilo 120 hivi, na ukiongeza uzito wa meza yenyewe unakaribia kilo 200, kwa hiyo mtu hudhani kwamba jeki ya tani 1 inamtosha na kumzidi. Lakini jeki ya chupa ya kawaida hunyanyuka sentimita 13 hivi tu, wakati meza inatakiwa kupanda 60. Ili itoshe, hufungwa karibu na maungio ya mkono, na hapo kila unachopata katika kimo unakilipa kwa nguvu: kwa kilo 200 hizo, jeki itasukuma kwa wastani zaidi ya kilo 900, na mwanzoni, mikono ikiwa ingali imelala, itaelemewa zaidi ya hapo. Tafuta ya tani 4 au zaidi. Ukiilaza, hakikisha upande wa pampu unatazama chini, la sivyo itavuta hewa badala ya mafuta.

Hata hivyo, na hili naomba ulisome mara mbili, jeki kazi yake ni kuinua, si kushikilia. Sili, yaani mipira inayozuia mafuta ndani ya jeki, huchakaa, na kwa vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi zitachakaa upesi zaidi, ndipo mafuta yaanze kuvuja na meza ishuke bila kukuaga. Kwa hiyo kila upande weka mguu wa chuma unaoegemea meno yaliyochomelewa kwenye fremu ya chini, ili meza ikipanda mguu uruke jino baada ya jino, na ikitaka kushuka ujikite. Ukishafika kimo unachotaka, legeza jeki kidogo mpaka uzito wote ukae juu ya miguu hiyo. Kabla ya hapo mtu yeyote asitie mkono chini ya meza, hasa wale vijana wanaojifunza kwako.

Mbele chomelea kishikio cha gurudumu, na pembeni pete nne za kufungia mikanda. Stendi ya pembeni isitegemewe juu ya meza. Nyuma acha kipande cha bamba kinachoweza kuondolewa, ili gurudumu la nyuma lipite chini unapolifungua. Utaona faida yake siku ya kwanza utakapobadilisha tairi.

Kwa kuwa banda lako lina sakafu ya udongo, mwaga kwanza zege la sentimita 10, maana miguu ya fremu ikididimia upande mmoja hesabu yote hii inakuwa bure. Meza ikikamilika, usiijaribu kwa pikipiki ya mteja. Ipakie mifuko mitano ya saruji, yaani kilo 250, iinue, ilaze usiku kucha juu ya miguu yake, kisha asubuhi kagua kila mahali palipochomelewa. Ukiona ufa hata mwembamba kama uzi, pasagwe kwa grainda na pachomelewe upya.

Fedha za vyuma nitazituma kwa simu mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo nipimie kimo cha paa la banda kutoka chini: pikipiki pamoja na vioo vyake ikiwa juu ya meza itafika karibu mita 2, na nakumbuka bati lile liko chini upande wa mlango. Ukinitumia kipimo hicho, nitajua kama meza ikae ndani au tuongeze kibaraza.

Ni mimi kaka yako.