Mama, ile elfu thelathini inakoenda

Shikamoo mama. Zuhura msomee mama taratibu, usiruke kitu.

Kaka kanipigia juzi analalamika hela ya bati imepungua, ni kweli imepungua, kila mwezi nakata paundi 10, kama elfu thelathini na kitu hivi, naichangia mfuko wa kusaidia watafiti vijana wa ule ugonjwa wa makovu ya mapafu uliomuua baba. Sikuwaambia mapema, hapo nimekosa, nisameheni.

Mama unakumbuka kile kikohozi kikavu, mpaka baba ashike mkorosho ndo apumue, na vidole vyake vilivyovimba nchani, hospitali moja wakampa dawa za TB miezi 6 wakati makohozi hayakuonyesha kitu. Kumbe mapafu yalikuwa yanaota makovu, yaani nyama laini inakakamaa, hewa haipiti. Huku Nottingham nafanya usafi chuoni, kuna dada mmoja anatafiti ugonjwa huohuo, siku moja akanivalisha hedifoni nisikilize rekodi ya pafu la mgonjwa, jamani mama, ni kama unabandua vile vibandiko vya sendozi za watoto, chraa chraa chraa. Nililia palepale, maana sauti ile naijua, niliisikia Newala usiku nilipolaza sikio mgongoni kwa baba.

Chanzo chake mpaka leo hakijulikani. Mwaka 2014 Marekani walipitisha dawa mbili, pirfenidoni na nintedanibu, zinapunguza kasi tu haziponyi na bei yake si ya mkulima. Bila dawa wengi wanaishi miaka 3 mpaka 5 toka wagundulike, baba hata miwili hakumaliza. Sasa huyu dada mkataba wake unaisha, asipopata hela ya utafiti anaacha anatafuta kazi nyingine na kila alichokigundua anaondoka nacho kichwani, maprofesa wenye majina wanapata hela, hawa vijana ndo wanaishia njiani, inaniuma sana. Kaka, bati ntamalizia na shifti za Desemba, ila hii siikati.

Halafu baba mdogo. Zuhura umesema anakohoa kikavu toka Ramadhani, na huu ugonjwa kuna familia unatembea kwenye damu. TB wampime kwanza, ila ikiwa haipo asikubali kurudishwa na dawa ya kikohozi, aende hospitali ya kanda pale Mitengo, Mtwara, amwombe daktari amsikilize mgongoni kwa chini, na wampige sitiskani, ile picha ya kompyuta ya kifua. Nauli natuma Ijumaa. Na ile eksrei ya baba iliyoko chini ya godoro msiitupe, aende nayo.