Msikwangue Uluguru kwa ajili ya vyungu vyetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauza miche wenzangu, pamoja na wateja wetu wanaopanda miti kwenye vyungu na ndoo, kuhusu jambo ambalo limeninyima raha wiki nzima.

Ninauza miche kando ya Barabara ya Bagamoyo, huu ni mwaka wa 19. Juzi alikuja kijana na bodaboda, kafunga gunia nyuma. "Shikamoo mama, nimekuletea ule ukoga wa kuoteshea mizizi. Umetoka milima ya Uluguru, kule Morogoro." Nikafungua. Ulikuwa wa kijani, mbichi kabisa, umekwanguliwa pamoja na magome ya miti, na ndani mna vijimea vya okidi vyenye mizizi yake bado. Konokono mdogo akanitambaa kiganjani. Sikununua. Nilimkalisha kwenye benchi, nikamweleza haya ninayoyaandika hapa.

Ukoga ule haukuwa sfagnamu. Sfagnamu ni aina nyingine ya ukoga, inayouzwa nchi za nje ikiwa imekaushwa na kubanwa kama tofali, na nyingi hutoka New Zealand na Chile, kwenye vinamasi vya nchi za baridi. Sehemu kubwa ya seli zake zimekufa na ziko tupu, zina vitundu, kwa hiyo hunywa maji takriban mara 20 ya uzito wake mkavu, na bado hewa hupita katikati ya nyuzi zake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliitumia kufungia vidonda vya askari. Mizizi inaipenda kwa sababu hiyohiyo: maji na hewa kwa pamoja. Si kila kitu cha kijani kinachoota juu ya gogo kina sifa hizo.

Hewa ndiyo tunayoisahau. Mzee mmoja wa Upanga, anayekaa ghorofani, aliniletea mndimu wake uliopandwa kwenye ndoo ya lita 20. Majani yamekuwa ya njano, naye kila asubuhi anauongezea maji. "Una kiu huu, mwanangu." Nikaipindua ndoo. Ulitoka mfinyanzi mtupu, umeshikana kama tofali bichi, na chini mizizi myeusi inanuka mtaro. Ukiuvuta mmoja, gamba linachunika na mkononi unabaki uzi tu. Mizizi ile ilikufa kwa kukosa hewa, na yale maji ya kila asubuhi ndiyo yaliyoizibia.

Nilikata yote iliyooza, nikaongeza matundu chini ya ndoo, nikapanda upya kwenye mchanga wa chengachenga uliochanganywa na udongo kidogo na mboji. Juu yake nikatandaza sfagnamu, kwani mteja mmoja aliyerudi safari aliwahi kuniletea kifurushi. Unailoweka, unaikamua mpaka isidondoke, unaikatakata kwa mkasi, kisha unaisugua kwenye wavu ishuke laini. Unene wa kidole kimoja unatosha. Kwa jua letu hili udongo wa juu wa chungu hukauka kabla ya saa sita mchana, na mizizi haithubutu kupanda huko. Ukiufunika, inapanda. Baada ya wiki sita niliinua pembe moja ya tandiko lile nikakuta mizizi myeupe, minene kama tambi, ncha zake zinang'aa. Nilimpigia mzee simu papo hapo.

Tumieni glavu lakini. Sfagnamu inaweza kubeba kuvu anayeingia kwenye mchubuko na kuleta vidonda vinavyopanda mkono mzima.

Sasa, tufanyeje sisi tusio na ndugu wa kutuletea vifurushi? Nimezaliwa Mafia. Bibi yangu alikuwa akifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani kwa miezi, kisha anayafukua na kuyaponda kupata usumba wa kusokota kamba. Usumba huo ndio ninaotumia leo. Haunywi maji kama sfagnamu, huo ni ukweli, lakini unashika unyevu, unapitisha hewa na hauozi haraka. Msichukue ule wa kamba uliolala baharini. Chukueni makumbi makavu kwa wafua nazi, myachambue, myaloweke usiku kucha na kumwaga maji, mara tatu au nne, mpaka maji yaache kutoka na rangi ya chai nzito. Makumbi yana chumvi yake, na maji ya visima vyetu vingi hapa mjini nayo yana chumvi. Zikikutana, ncha za majani zinaungua.

Kwa usumba huo ninaotesha mizizi hata tawini. Ninamenya pete ya gome la mlimao, upana mara mbili ya unene wa tawi, ninakwangua ule utelezi wa kijani mpaka mti mweupe, kisha ninafunga bonge la usumba lenye unyevu, ukubwa wa chungwa, na plastiki juu yake. Chakula kinachoshuka kutoka majanini kinakwama palepale, na mizizi inachipukia hapo. Masika ndio wakati wake. Ukikata tawi, usikung'ute usumba; panda nao.

Nirudi kwenye gunia. Mto Ruvu unaanzia Uluguru, na Ruvu ndio unaotunywesha Dar es Salaam. Mwanangu aliyesoma Morogoro alinieleza kuhusu Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, aliyechapisha mwaka 1976 utafiti wake wa misitu ya Uluguru: jinsi ukoga na mimea mingine inayoishi juu ya miti inavyonasa maji ya mvua na ukungu. Leo yupo anayeukwangua na kuutia kwenye gunia, aje kuniuzia mimi. Wenzangu, akija kwenu, msinunue. Mpeni kazi ya kuchambua makumbi. Mimi nilimpa, na jana amenimalizia magunia mawili.

Jumamosi baada ya alasiri ninafungua plastiki ya mlimao wangu wa tatu. Anayetaka kuona, aje.

Mama Muuza Miche,
Barabara ya Bagamoyo,
Dar es Salaam