Mzee wa hiace ya Usa River, asante sana

Shikamoo mzee, jina lako sikulipata, mimi ni yule wa fomu tu niliyebanwa siti ya nyuma, daftari la historia mapajani, nakariri falme za kale, Misri, Kushi, Aksum, kama kasuku. Ukacheka, ukaniuliza sasa Misri bila Nile ingekuwa nini? Nikabaki nimekodoa macho. Basi ukachora mto kwa kidole kwenye kioo, na vioo vya hiace zetu si mnavijua vumbi lake, ukaniambia enzi hizo mafuriko yakishuka yanaacha tope jeusi, wanapanda ngano, chakula kinabaki, ndo wanapatikana watu wa kujenga piramidi na kuandika badala ya wote kushika jembe. Halafu Kushi, ile iliyokuwa Sudan ya leo, ndo ukanimaliza kabisa, kumbe Sudan kuna piramidi nyingi kuliko Misri, na wafalme kina Piye na Taharqa walitokea huko wakaitawala Misri yenyewe kuanzia karne ya 8 kabla ya Kristo! Darasani hiyo tuliipita chapchap tu. Konda akaita Tengeru ukashuka, hata asante sikusema vizuri. Jana mtihani umeuliza Nile mzee, nimeandika mpaka nikaomba karatasi ya pili.