Pango la Lascaux lenyewe limefungwa, lakini bonde lake lina mengi ya kuonwa

Kwa Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipoanza kazi ya ualimu, na ukurasa wa safari wa toleo la mwisho wa wiki ndio ninaoufungua kwanza, hata kabla ya tanzia. Ndiyo maana makala iliyochapishwa hivi majuzi kuhusu vivutio vya Ufaransa ilinifurahisha na kunikera kwa mkupuo mmoja. Ilinifurahisha kwa kuwa mwandishi alithubutu kutoka nje ya Paris na kuutaja mji mdogo wa Montignac, ulio katika jimbo la Dordogne, kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Ilinikera kwa kuwa aliwaahidi wasomaji kwamba wakifika huko wataingia katika pango la Lascaux na kuiona kwa macho yao michoro iliyochorwa yapata miaka 17,000 iliyopita. Hawataingia. Pango hilo lilifungwa mwaka 1963, na tangu hapo halijafunguliwa tena kwa wageni wa kawaida.

Siandiki ili kumwaibisha mwandishi, kwa sababu kosa lake nililitenda mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtembelea binti yangu anayesoma Bordeaux, na kwa kuwa nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini nikiwachorea wanafunzi fahali wa Lascaux ubaoni kwa chaki, sikutaka kurudi nyumbani bila kuwaona. Tulipanda treni hadi Périgueux, tukakodi gari, na tulipofika kwenye dirisha la tiketi nikamwambia binti yangu amuulize yule mama aliyekuwa akihudumu mlango wa pango la kweli uko upande gani. Mama yule alitabasamu kama mtu anayeulizwa swali hilo kila asubuhi, akatuonyesha kilima kilichofunikwa na miti, kisha akatukatia tiketi za kuingia kwenye jengo lililo chini yake.

Montignac, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa rasmi Montignac-Lascaux (na Lascaux hutamkwa Lasko, kwa faida ya wale watakaouliza njia), ni mji wenye wakazi wasiofika elfu tatu, ingawa una meya na baraza lake, kama ilivyo desturi ya Ufaransa ambako hata kijiji cha watu mia mbili kina meya. Mto Vézère unaupitia katikati. Hapo ndipo, tarehe 12 Septemba 1940, katika mwaka ule ule ambao Ufaransa ilishindwa vitani na Ujerumani, vijana wanne ambao mkubwa wao, Marcel Ravidat, alikuwa na umri wa miaka 18, walipanua kwa kisu tundu lililokuwa ardhini kule kilimani, wakajipenyeza na kuteremka gizani wakiwa na taa hafifu. Walipoiinua taa hiyo waliona farasi na fahali wametanda ukutani na darini. Walijaribu kuificha siri yao lakini ikawashinda, wakaenda kumweleza mwalimu wao, Léon Laval, ambaye hakuwaamini mara moja. Ninamwelewa sana mwalimu huyo. Kabla mwezi haujaisha, kasisi Henri Breuil, mtaalamu mkubwa wa michoro ya mapangoni wakati huo, alikuwa amefika na kuthibitisha kwamba michoro ile ni ya kale kweli.

Pango lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, na Ravidat pamoja na mwenzake Jacques Marsal wakaajiriwa kuwa waongozaji wa wageni. Kufikia katikati ya miaka ya hamsini watu wapatao 1,200 walikuwa wakiingia kwa siku. Msomaji ajaribu kuwazia umati huo ukihema ndani ya chumba kisicho na dirisha, ambacho hewa yake haikuwa imetikiswa kwa maelfu ya miaka: pumzi, jasho, joto la miili na mwanga wa taa. Mwani wa kijani ukaanza kuota ukutani, na utando mweupe wa chokaa ukaanza kuifunika rangi. Mwezi wa Aprili 1963 Waziri wa Utamaduni, André Malraux, akaamuru pango lifungwe. Hata hivyo ugonjwa haukukoma, kwani mwaka 2001 kuvu ilienea ndani, na baadaye yakatokea madoa meusi yaliyowasumbua wataalamu kwa miaka kadhaa. Leo wanaoingia ni watafiti na walinzi wachache, kwa dakika za kuhesabika.

Kile ambacho mgeni anakiona, basi, ni nakala. Ya kwanza, iitwayo Lascaux II, ilifunguliwa mwaka 1983 umbali wa mita mia mbili hivi kutoka pango la kweli, nayo ilichorwa kwa mkono na msanii Monique Peytral akishirikiana na wenzake, kwa rangi za mawe na udongo kama zile za kale. Ya pili ninayoizungumzia, Lascaux IV, ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2016 katika jengo refu la zege na vioo lililozama nusu ardhini, na ndani yake pango karibu lote limenakiliwa kwa vipimo vya kompyuta, mbonyeo kwa mbonyeo. Niliingia nikiwa nimenuna. Nilidhani nimetoka Nairobi hadi huko ili nionyeshwe plasta. Lakini tulipoingia katika Ukumbi wa Mafahali, ubaridi ukatupiga usoni, sauti za watu zikafifia, na juu yangu akatokea fahali ambaye urefu wake unazidi mita 5, yaani karibu sawa na matatu ya abiria kumi na wanne. Nilisimama nikasahau kununa. Nilikuja kuona pia jambo ambalo picha za vitabuni hazikuwahi kunionyesha: mchoraji hakutafuta ukuta laini, bali aliutumia ukuta kama ulivyo, mbonyeo ukawa tumbo la mnyama, na ufa ukawa mstari wa ardhi anayoikanyaga.

Kwa hiyo sisemi kwamba nakala ni udanganyifu, wala siwashauri wasomaji waikwepe. Ninachosema ni kwamba waambiwe ukweli kabla ya kulipa nauli, na waambiwe pia jambo ambalo makala yako haikuligusa kabisa: katika bonde hilo hilo la Vézère, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, yapo mapango ya kweli yenye michoro ya kweli ambayo bado yanapokea wageni.

La kwanza kwangu ni Font-de-Gaume, lililo nje kidogo ya kijiji cha Les Eyzies. Michoro yake ilitambuliwa tarehe 12 Septemba 1901, miaka 39 kamili kabla ya Lascaux, na aliyeitambua alikuwa Denis Peyrony, mwalimu wa shule ya kijiji. (Wasomaji wataniwia radhi nikirudi kwa walimu kila mara, historia ya bonde hilo ndiyo inayonilazimisha.) Unapanda kijia cha jiwe kando ya jabali, unaacha mkoba mlangoni, kisha mnaingia wachache mkifuatana kama siafu, kwa kuwa ujia ni mwembamba na bega likiteleza kidogo tu litagusa ukuta. Mwanzoni sikuona kitu. Mwongozaji alizima taa ya juu, akawasha tochi ndogo na kuishika chini, upande, karibu kabisa na jiwe, akaanza kuisogeza polepole. Mgongo wa nyati mwenye manyoya ukajitokeza, rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, kisha paja, kisha jicho. Mahali pengine alitufuatishia kwa mwanga mistari iliyofifia mno ya kulungu wawili wa nchi za barafu, dume amesimama na jike amepiga magoti, na dume ameinamisha kichwa akimlamba mwenzake kwenye paji la uso. Kama tusingeonyeshwa tungepita tu. Mlango wa Lascaux IV hupitisha watu wengi, na ni haki yao. Font-de-Gaume huingiza watu wachache sana kwa siku, hivyo anayetaka kuingia atafute nafasi mapema.

Pango la Rouffignac ni tofauti kabisa, na ningelipendekeza hasa kwa wazee na wenye watoto, kwa sababu unaingizwa ndani kwa kigarimoshi cha umeme kwa umbali wa kilomita moja hivi. Njiani unaoneshwa mashimo ambayo dubu wa kale waliyafukua ili walale majira ya baridi, na mikwaruzo ya kucha zao ukutani, kisha unafika chini ya dari iliyojaa mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya marefu, pamoja na farasi na mbuzi wa milimani. Juu ya dari hiyo hiyo yameandikwa kwa moshi wa mishumaa majina ya wageni wa karne zilizopita ambao hawakujua, au hawakujali, walikuwa wakiandika juu ya nini. Nilicheka kwa uchungu, maana nimewahi kusindikiza safari za shule hapa kwetu, na ninajua kalamu ya mwanafunzi inapenda kuta za aina gani.

Les Eyzies penyewe pana Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Kale, yaliyojengwa chini ya jabali linalokiinamia kijiji. Hapo pana taa iliyookotwa ndani ya Lascaux: jiwe jekundu lililochongwa kwa umbo la upawa, lenye kibakuli cha kutilia mafuta ya mnyama na mpini uliochorwa alama zinazofanana na zile za ukutani. Niliitazama taa hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyolitazama jambo lingine lolote safarini, kwa maana ndiyo kazi yenyewe. Fahali wote wale wasingechorwa bila mtu kuishika. Karibu na hapo pana mahali paitwapo Cro-Magnon, ambapo mwaka 1868 wajenzi wa reli walifukua mifupa ya binadamu wa kale, na sisi wa Nairobi, ambao mji wetu ulizaliwa na reli, hatuna budi kuipenda habari hiyo.

Rangi zilizotumika mapangoni humo zilitoka katika madini ya chuma, yanayotoa wekundu na manjano, na ya manganizi, yanayotoa weusi. Nilipokuwa nikisoma maelezo hayo nilikumbuka kwamba huko Olorgesailie, kwenye barabara ya kwenda Magadi, si mbali na hapa ninapoandikia, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba wamepata vipande vya mawe ya rangi nyekundu na nyeusi, baadhi vikiwa na alama za kufanyiwa kazi na binadamu, vya umri wa miaka 300,000 hivi. Ukurasa wako wa safari haujapata kukitaja kituo hicho kwa muda ambao nimekuwa nikiusoma, na hilo nalo ni deni, ingawa si mada yangu leo.

Mengine ya kuonwa kuzunguka Montignac nitayapitia upesi. Jabali la La Roque Saint-Christophe, lenye urefu wa takriban kilomita moja juu ya mto, liliwahifadhi watu tangu enzi za mawe hadi enzi za ngome, na bado matundu ya mihimili ya nyumba zao yanaonekana mwambani. Kijiji cha Saint-Léon-sur-Vézère kina kanisa la karne ya 12 lililo ukingoni mwa maji, na ukiketi hapo jioni hutaki kuondoka. Kanisa la Saint-Amand-de-Coly lina kuta nene kama za ngome, kwa kuwa watawa wake walilazimika kujihami. Kasri la Losse lina bustani nzuri, ila kama siku ni chache unaweza kuliruka. Kusini zaidi, katika bonde la mto Dordogne, kuna Kasri la Milandes, alikoishi Josephine Baker, mwimbaji mweusi mzaliwa wa Marekani aliyewatumikia Wafaransa kwa siri wakati wa vita, akalea hapo watoto 12 wa asili mbalimbali, na mwaka 2021 akaenziwa katika Panthéon, jengo la heshima la mashujaa wa Ufaransa.

Ninakuomba basi, Mhariri, uchapishe sahihisho katika ukurasa ule ule, kwa herufi zinazosomeka. Kwa yeyote ambaye tayari amekata tiketi ya ndege, ushauri wangu ni kwamba aanze na Lascaux IV ili aelewe anachokitafuta, kisha siku inayofuata aende Font-de-Gaume, akaone jinsi rangi ya kweli inavyofifia. Asiende wakati wa baridi, kwa sababu Rouffignac hufungwa kwa miezi kadhaa, na hata akienda wakati wa joto kali abebe sweta: humo mapangoni ni nyuzi 13 mwaka mzima, na binti yangu, aliyekwenda na gauni la kiangazi, alimaliza ziara akiwa amevaa koti langu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi