Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nyumba Zetu za Mji Mkongwe

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum.

Ahsanteni kwa kuitika. Ada, wanachama wapya na vikao vya kamati vimo kwenye karatasi mlizogaiwa mlangoni, na mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Muda wangu naomba niutumie kuzungumzia kuta.

Mwaka huu tumefanya kazi zaidi kwenye nyumba wanazoishi watu. Majumba makubwa yana wa kuyasemea. Beit al-Ajaib, kasri aliyoijenga Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, mwaka 1883, ilipoporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili kufariki, dunia nzima ilipata habari. Nyumba ya ghorofa mbili ya mitaa yetu ya Kiponda au Sokomuhogo ikianguka usiku wa mvua, habari yake haivuki Darajani, pembezoni mwa mji. Na Mji Mkongwe haukutiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 kwa sababu ya majumba ya wafalme peke yake. Ulitiwa kwa ajili ya mji mzima: vichochoro, baraza, misikiti, maduka, na nyumba zilizoegemeana kiasi kwamba ikiondoka moja, jirani yake hana usalama.

Nyumba tuliyoishughulikia kwa muda mrefu zaidi iko Mkunazini. Ukuta wa chini ulikuwa umepigwa lipu ya saruji, na kwa nje ulionekana mzima, umepakwa rangi vizuri. Mafundi walipoibandua lipu ile, mawe ya matumbawe nyuma yake yalikuwa majimaji, ukiyakwaruza kwa kidole yanatoka unga. Juu yake, vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vilikuwa vimeoza vyote. Familia ilikuwa inalala juu ya dari hiyo.

Sababu yake kila mwanachama anapaswa kuweza kumweleza jirani. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Zinavuta maji na chumvi kutoka chini, na zamani unyevu huo ulitoka wenyewe kupitia lipu ya chokaa. Saruji inaufungia ndani. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu mpaka yanazikuta boriti, na chumvi inalila jiwe taratibu. Kwa hiyo mwenye nyumba anayetumia fedha zake za akiba kununua saruji, kwa nia njema kabisa, anakuwa ameifupishia nyumba yake umri. Hili linaniuma kuliko jambo lolote nililoliona mwaka huu, kwa sababu wanaofanya hivyo ni watu wanaozipenda nyumba zao.

Ndiyo maana kamati iliamua kuwafundisha vijana kazi ya chokaa. Vijana wetu sasa wanajua kuroweka chokaa shimoni na kuiacha ilale mpaka iwe laini kama siagi, na wanajua kungoja tabaka la kwanza likauke kabla ya kupiga la pili. Kungoja huko ndiko kulikowapa tabu, maana mwenye nyumba anataka kazi iishe wiki hii. Mzee aliyewafundisha hakukubali kuharakishwa, na kuta zao hazijapasuka. Nampongeza mbele yenu.

Boriti ni tatizo lingine. Zile ndefu na ngumu za mikoko, ambazo enzi hizo zilikuja kwa majahazi kutoka Rufiji, hazipatikani kirahisi, na mikoko nayo inahitaji kulindwa. Tumetumia mbao ngumu zilizotiwa dawa, na tumeziacha boriti zote za asili zilizokuwa bado nzima. Si jawabu kamili.

Kuhusu umiliki, hatukusogea sana. Nyumba nyingi zilichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine ni za wakfu, nyingine zina warithi waliotawanyika Muscat, Dubai na London, wala hakuna aliye tayari kulipia paa peke yake. Mpangaji anayelipa kodi ndogo hawezi kuezeka nyumba ya watu. Tumeshawakutanisha warithi wa baadhi ya nyumba, na maoni yangu ni kwamba kazi hii ya kuzungumza na watu ina faida sawa na ile ya mwiko. Naomba kamati ijayo iiendeleze.

Ziara za skuli ziliendelea, kwenye mabafu ya zamani ya Hamamni na Ngome Kongwe. Watoto walipenda zaidi milango, hasa walipofundishwa kutofautisha wa Kiarabu na wa Kihindi.

Ombi langu kwenu ni moja, na ni la kabla ya masika. Kila mmoja apande juu akaangalie paa lake na la jirani yake: bati lililotoboka, mlizamu ulioziba, mti uliojiotea ukutani. Palipo na hatari, mleteeni katibu taarifa mapema, mafundi waende pakiwa bado pakavu. Fomu ziko mezani pake, na atazipokea leo leo.